Kupima Uwezo wa Programu Huria za Sataranji

Makala haya yanahusu maneno yanayohitajika ili Mswahili aweze kueleza jambo ambalo siku hizi limekuwa jepesi kulitenda na gumu kulisema, nalo ni kulinganisha programu za kompyuta zichezazo sataranji. Kijana wa Ifakara mwenye simu ya mkononi ya kawaida anaweza leo kupata, pasipo kulipa hata senti, programu ambayo bingwa wa dunia hatarajii kuishinda. Tena si moja. Kuna Stockfish, kuna Leela Chess Zero, kuna GNU Chess ambayo ni mzee wao kwa kuwa ilianza mwaka 1984, na nyingine nyingi. Mara tu kijana huyo aulizapo ipi ni bora kuliko mwenzake, hukutana na orodha ndefu za tarakimu, na kando ya kila tarakimu alama ya kujumlisha na ya kutoa. Mwalimu wake wa hisabati anaweza kumfafanulia mambo hayo kwa Kiingereza. Akitaka kumfafanulia kwa Kiswahili atajikwaa mahali pengi: penye neno la kusema kwamba programu haikufungwa, penye neno la kutaja ubora wake wa kucheza, penye jina la kipimo, na penye zile alama za pembeni.

Ni maoni yetu kwamba sehemu kubwa ya maneno hayo haihitaji kubuniwa. Bonde la Kilombero limekuwa kwa zaidi ya nusu karne mahali pa kulinganisha vitu: mbegu ya mpunga kwa mbegu nyingine, chandarua kwa chandarua, chanjo kwa kisicho chanjo. Matokeo yameandikwa kwa Kiingereza, lakini kazi yenyewe imetendwa pamoja na wanavijiji wasemao Kiswahili. Na haielekei mtu akubali kulala ndani ya kibanda cha majaribio, au kumpeleka mwanawe akadungwe sindano, kabla hajaelezwa kwa lugha anayoielewa ni kitu gani kinachopimwa na kwa njia gani. Kwa hiyo lugha ya ulinganishi imekwisha kupita mtihani katika bonde hilo, na yatupasa kuitazama kabla hatujakimbilia kutafsiri.

Kwanza, neno moja juu ya mchezo wenyewe. Tunatumia "sataranji", jina lililotufikia kwa njia ya Kiarabu, ambacho nacho kililipata kwa Waajemi, nao kutoka Bara Hindi. Wako wasemao "chesi", nasi hatuwagombezi. Linalotusumbua zaidi ni neno "mchezo", kwa maana hutaja sataranji kama aina ya mchezo na hutaja pia kikao kimoja cha kuicheza mpaka mwisho. Mtu akiandika kwamba programu mbili "zilicheza mchezo huo mara mia", msomaji hapotei. Lakini akiandika "michezo mia", shaka huanza. Hapa tutasema "pambano" kwa kikao kimoja, na "mchezo" tutauacha uwe jina la sataranji yenyewe pamoja na bao, dama na jamaa zao.

Bure, huru na huria

Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kisichofungwa, na wenye lugha hiyo wenyewe wametaabika kwa upungufu huo. Kiswahili hakina taabu hiyo, ila waandishi wetu wa mambo ya kompyuta wameiingiza kwa kutafsiri bila kufikiri. Mwaka 2004 ilipoanzishwa hati punguzo ili mama mjamzito apate chandarua kwa bei nafuu, na baadaye vyandarua vilipogawiwa kwa kaya pasipo malipo, lugha ya watu ilikuwa wazi: hivi ni vya punguzo, hivi ni vya bure. Hakuna aliyesema "vyandarua huru". "Bure" ni neno la bei, na mipaka yake haizidi hapo.

"Huru" ni neno la hali: mtu asiye mtumwa, nchi isiyo koloni. Wikipedia ya Kiswahili imejiita kamusi elezo huru, na jina hilo limezoeleka. Hata hivyo twaona kwamba kwa programu neno lifaalo zaidi ni la tatu, yaani "huria", ambalo hutaja kanuni inayomruhusu kila ajaye kuingia na kushiriki. Tazama Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Hutoza ada, na hakuna aliyedhani kuwa kwa sababu ni huria basi ni cha bure. Tazama pia soko huria, ambako hakuna apewaye kitu pasipo fedha. Neno hili limekwisha kujitenga na suala la bei, na programu nazo zinahitaji neno lililojitenga hivyo.

Programu huria, basi, ni ile ambayo mwenye kuipata anaruhusiwa kuitumia kwa shughuli yoyote, kuusoma msimbo wake, yaani maandishi ya maagizo yanayoiendesha, kuubadilisha msimbo huo, na kuisambaza kwa wengine ikiwa ya asili au iliyobadilishwa. Ruhusa hiyo huandikwa katika leseni. Stockfish, iliyotolewa mwaka 2008 na Marco Costalba wa Italia kutokana na programu Glaurung ya Tord Romstad wa Norwei, ina leseni iitwayo GNU GPL, ambayo huongeza sharti moja zito: anayeisambaza programu iliyobadilishwa hana budi kuutoa na msimbo wake kwa ruhusa zile zile alizopewa yeye. (Jina lenyewe lataja samaki wa Norwei akaushwaye kwa upepo, ni mzaha wa watungaji, kwamba samaki alikaushwa Norwei akapikwa Italia. Mvuvi wa Kilombero angeiita Ng'onda akaelewa upesi.)

Tofauti ya bure na huria si ya kamusi tu. Programu Crafty ya Robert Hyatt wa Marekani ilikuwa ya bure na msimbo wake ulisomwa na kila mtu, wanafunzi wengi wakajifunza kwake. Lakini leseni yake iliweka mipaka katika kuitumia na kuisambaza, hivyo haikuwa huria kwa maana tuliyoitoa. Hali iliyo kinyume chake yawezekana pia. Leseni ya Stockfish haikatazi mtu kuiuza. Kampuni ya Ujerumani, ChessBase, ilipoanza mwaka 2021 kuuza programu iitwayo Fat Fritz 2, watungaji wa Stockfish hawakulalamikia bei yake. Walilalamika kwamba wanunuzi hawakuelezwa ipasavyo kwamba walichokinunua kilitokana na Stockfish, wala hawakupewa haki zinazokwenda pamoja nayo. Walifungua kesi Ujerumani mwezi Julai 2021, na mapatano yakatangazwa mwezi Novemba 2022. Mwandishi aliyeita Stockfish "programu ya bure" hangeweza kuieleza kesi hiyo, maana msomaji wake angeuliza: kama ni ya bure, nani aliibiwa nini? Akisema "programu huria", swali lajibiwa kabla halijaulizwa.

Nguvu au uwezo

Wengi husema "nguvu ya programu". Twaliona neno hili kuwa hatari, kwa sababu nguvu katika mambo ya mashine ina maana yake tayari. Mitambo ya Kidatu ina nguvu. Trekta lina nguvu. Mashine ya kukoboa mpunga hununuliwa kwa kuuliza nguvu za injini yake. Kompyuta nayo ina nguvu kwa maana hiyo hiyo, yaani wingi wa hesabu iwezazo kuzifanya kwa sekunde moja. Kinachotafutwa katika kulinganisha programu ni kitu kingine.

Mifano miwili yatosha. Mwaka 1997 mashine Deep Blue ya kampuni ya IBM ilimshinda Garry Kasparov, aliyekuwa bingwa wa dunia, kwa kuchunguza hali za ubao zipatazo milioni 200 kwa sekunde. Mwezi Agosti 2009, katika shindano lililofanyika Buenos Aires, programu Pocket Fritz 4 ilicheza ndani ya simu ya mkononi ikapata pointi 9½ kati ya 10, nayo ikichunguza hali zisizofikia 20,000 kwa sekunde. Ya kwanza ilikuwa na nguvu nyingi mno kuliko ya pili. Ya pili ilijua zaidi ipi ya kuchunguza na ipi ya kuacha. Kama neno letu ni "nguvu" kwa yote mawili, jambo hilo haliwezi kusemwa.

Tunapendekeza "uwezo wa kucheza", au "uwezo" tu pale maana inapokuwa wazi. Wachezaji wa bao, ambao wana kete 64, mashimo 32 na historia ndefu ya kubishana ni nani bora, humwita hodari wao "fundi", na ufundi ni wa akili na mazoea. "Ufundi wa programu" lingependeza pia, ila laweza kudhaniwa kuwa ni ufundi wa aliyeitunga. Basi "nguvu" ibaki kwa mashine, "ufundi" ubaki kwa watu, na "uwezo" uwe wa programu.

Kutokana na hayo huzaliwa sharti la kwanza la ulinganishi wa haki: programu zote zipewe mashine zenye nguvu sawa na muda sawa wa kufikiri. Orodha moja mashuhuri huzipa kila upande dakika 15 kwa hatua 40, kwa kuyarekebisha mashine tofauti yalingane na moja ya kigezo. Asiyetaja mashine na muda hajataja kitu.

Hapo hapo huingia neno "injini". Programu nyingi za sataranji hazina ubao wala rangi. Hupokea hali ya ubao kwa maandishi na kujibu kwa maandishi, na kazi ya kumwonyesha mtu ubao huachiwa programu nyingine. Wenyewe huiita ile inayofikiri injini, na ile yenye ubao kiolesura. Hatuna pingamizi. Mtu wa Ifakara aliyeona injini ile ile ikifungwa leo kwenye mashine ya kukoboa na kesho kwenye pampu ya maji ataelewa mara moja kwa nini injini moja ya sataranji yaweza kufungwa kwenye violesura kumi.

Kiwango, na hadithi ya lumbesa

Arpad Elo, mwalimu wa fizikia aliyezaliwa Hungaria akaishi Marekani, ndiye aliyetunga njia ya kuupa uwezo wa mchezaji tarakimu, na Shirikisho la Kimataifa la Sataranji liliipokea mwaka 1970. Tunapendekeza kuiita "kiwango cha Elo". Wengine wameandika "alama za Elo" au "pointi za Elo". Lakini pointi hupatikana katika pambano na zikishapatikana haziondoki, hali kiwango hupanda na kushuka.

Kiwango hakisemi lolote juu ya mchezaji aliye peke yake. Husema tofauti baina ya wawili. Wakiwa sawa, kila mmoja atarajiwa kupata pointi 50 katika mapambano 100, sare ikihesabiwa nusu pointi. Akizidi kwa 100, mkubwa atarajiwa kupata 64. Akizidi kwa 200, apata 76. Kwa 400, apata 91. Basi mtu akisema "programu hii ina 3,500" bila kueleza ni kati ya akina nani, amesema nusu ya sentensi.

Kosa lililoenea sana liko hapa. Magnus Carlsen alifikia kiwango cha 2,882 mwezi Mei 2014, na hapajawa na binadamu aliyemzidi. Programu zilizo kileleni mwa orodha huandikiwa zaidi ya 3,500. Watu hutoa 2,882 kutoka 3,500 na kutangaza tofauti. Hesabu hiyo haifai, kwa sababu kiwango cha Carlsen kilipatikana kwa kucheza na watu na vile vya programu vilipatikana kwa kuchezeana zenyewe. Hata orodha mbili za programu hazilinganishwi tarakimu kwa tarakimu. Chama cha Sweden kilichoanza orodha yake mwaka 1984 kina mashine zake, muda wake na mahali pake pa kuanzia kuhesabu. Orodha nyingine zina vyao.

Mkulima wa mpunga haihitaji fizikia ili kulielewa hili. Anajua kwamba gunia si kipimo kimoja. Kuna gunia lililoshonwa mdomo, na kuna lumbesa, lililojazwa hata likaota kichwa na kufungwa kwa kamba juu. Na Wakala wa Vipimo imekuwa ikikemea biashara hiyo kwa miaka. Anayesema "mimi nimeuza magunia 20, mwenzangu 17" hajatuambia nani aliuza mpunga mwingi zaidi mpaka tujue yalifungwaje na kwa mizani gani. Ndani ya ghala moja, kwa gunia la aina moja, hesabu ni ya haki. Viwango vya Elo ni vya haki vivyo hivyo ndani ya orodha moja, na mwalimu akitumia mfano huo hatahitaji kufafanua mara mbili.

Mwanya wa shaka

Tufike sasa kwenye zile alama za pembeni, ambazo kwa maoni yetu ndizo muhimu kuliko yote, na ndizo zinazorukwa na wasomaji wengi.

Tuseme programu A na programu B zimepambana mara 100. A imeshinda 30, imeshindwa 20, na mapambano 50 yameishia sare. A ina pointi 55. Kwa njia ya Elo, tofauti ni karibu 35. Gazeti litaandika kwamba A ni bora. Lakini bahati nayo ilicheza. Hesabu za takwimu zaonyesha kwamba kwa matokeo hayo tofauti ya kweli yaweza kuwa popote kati ya B kuwa mbele kwa 13 na A kuwa mbele kwa 84. Yaani haijathibitika hata kwamba A inaizidi B. Zikipambana mara 1,000 na mgawanyo ukabaki ule ule, tunaweza kusema tofauti iko kati ya 20 na 50. Zikipambana mara 10,000, kati ya 30 na 40. Ili kuupunguza upana huo kwa nusu, yapasa mapambano yaongezwe mara nne.

Upana huo uitweje? Tafsiri ya mkato ni "kosa", na tunaikataa kabisa. Kosa lina mkosaji. Mwanakijiji akiambiwa kuna kosa katika matokeo ya uchunguzi, atauliza nani alikosea, na atakuwa na haki ya kuuliza. Hapa hakuna aliyekosea. Upana huo ni matokeo ya kuhesabu mambo machache badala ya yote. Tunapendekeza "mwanya wa shaka". Tumechagua "shaka" badala ya "mashaka" kwa kuwa mashaka huvuta pia maana ya taabu. Mwanya wa shaka wa asilimia 95 maana yake ni kwamba jaribio kama hilo likirudiwa mara 100, mianya ipatayo 95 itakuwa imelizingira jibu la kweli ndani yake.

Umuhimu wa jambo hili ulionekana Kilombero kwa namna isiyo ya mchezo. Mwaka 1994 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio la chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyobuniwa Kolombia na Manuel Elkin Patarroyo. Jaribio lilifanyika katika kijiji cha Idete, kwa watoto 586 wenye umri wa mwaka mmoja hadi mitano. Chanjo ilionekana kupunguza ugonjwa kwa asilimia 31. Hiyo ndiyo tarakimu iliyosafiri. Lakini kando yake ulikuwapo mwanya wa shaka: kutoka 0 hadi 52. Aliyesoma tarakimu moja alisoma habari ya chanjo. Aliyesoma zote tatu alisoma kwamba chanjo yaweza kuwa inakinga nusu ya ugonjwa, na yaweza kuwa haikingi kitu. Majaribio yaliyofuata Gambia na Tailandi, yaliyochapishwa mwaka 1995 na 1996, hayakuonyesha kinga, na chanjo hiyo ikaachwa.

Watafiti wa Idete hawakudanganya wala hawakukosea. Waliuandika mwanya kama inavyotakiwa. Palipopungua ni katika lugha ya kuupeleka mwanya huo kwa mzazi pamoja na ile 31. Programu ya sataranji haiui mtu wala haimponyi. Lakini kijana aliyejifunza kwenye sataranji kwamba "35" yenye mwanya wa kutoka kasoro 13 hadi 84 si ushindi, atakapoletewa habari za dawa au mbegu atauliza ule mwanya uko wapi. Na ili aulize, yampasa awe na jina la kitu anachokiuliza.

Kubadilishana pande

Mwenye kete nyeupe huanza, na kuanza ni faida. Basi kila hali ya ubao inayochaguliwa kuanzia huchezwa mara mbili: A akiwa mweupe, kisha B akiwa mweupe. Mapambano hayo mawili huhesabiwa pamoja, nasi twayaita "jozi".

Kanuni hiyo watu wa Lupiro, kijiji kilicho ng'ambo ya mto Kilombero kusini mwa Ifakara, wameijua kwa jina lingine. Huko Taasisi ya Afya ya Ifakara ilijenga vibanda vya majaribio, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 2012. Ndani yake hupimwa vyandarua na dawa za kupulizia ukutani, kwa kuhesabu mbu waingiao, wafao na watokao. Lakini kibanda kimoja chaweza kuwa karibu na maji kuliko kingine, na mtu mmoja aweza kuwavuta mbu kuliko mwenziwe. Kwa hiyo katika majaribio ya namna hiyo walalaji hupokezana vibanda kwa mpango, usiku baada ya usiku, hata kila mmoja awe amelala katika kila kibanda. Faida ya mahali haiondolewi, hugawanywa sawasawa. Vivyo hivyo katika viwanja vya mpunga vya kituo cha utafiti cha KATRIN: mtu akipanda SARO 5 kwenye jaruba lenye maji na mbegu ya kienyeji kwenye mchanga, amepima majaruba, hakupima mbegu. "Kupokezana" na "kurudia" ni maneno yatoshayo kabisa, na hatuoni haja ya mengine.

Uchache wa masharti sawa ndio ulioleta ubishi mkubwa wa mwaka 2017, kampuni ya DeepMind ilipotangaza kwamba programu yake AlphaZero, iliyojifunza kwa kujichezea yenyewe, imepambana na Stockfish 8 mara 100, ikashinda 28, sare 72, isishindwe hata mara moja. Matokeo yalikuwa ya ajabu, na hakuna awezaye kuyadharau. Lakini toleo lile la Stockfish halikuwa jipya kuliko yote, muda ulikuwa dakika moja kamili kwa kila hatua, na mashine za pande mbili hazikuwa za aina moja. Tena AlphaZero haikutolewa kwa umma, hivyo hakuna aliyeweza kurudia. Jibu lilitoka kwa watu wa programu huria: mwaka 2018 walianza Leela Chess Zero, wakafuata njia iliyochapishwa, na kila atakaye akaweza kuipambanisha na Stockfish nyumbani kwake na kujionea.

Kuna tatizo lililokuja kwa mafanikio yenyewe. Programu za kileleni zikianza kutoka hali ya kawaida ya ubao, karibu kila pambano huishia sare, na sare nyingi hazifundishi kitu. Waandaaji siku hizi huchagua mianzo iliyopinda kidogo, yenye faida kwa upande mmoja, ili jozi itoe mshindi pale mmoja awezapo kuilinda hali mbaya na mwenziwe asiweze. Mchezaji wa kibinadamu huweza kuiona njia hiyo kuwa si ya kiungwana. Sisi twaiona kuwa ya haki, maadamu kila mmoja huonja pande zote mbili.

Kazi hiyo yahitaji mapambano mengi kuliko uwezo wa mtu mmoja. Tangu mwaka 2013 watungaji wa Stockfish wana mpango uitwao Fishtest, ulioanzishwa na Gary Linscott, ambamo watu wa nchi mbalimbali huzitoa kompyuta zao kwa saa wasizozitumia, zikapambanishe toleo la zamani na toleo lililopendekezwa. Badiliko dogo, la kiwango kimoja au viwili vya Elo, hupimwa kwa makumi ya elfu ya mapambano. Huu ni ujima kwa maana yake ya asili, kila mtu na jembe lake katika shamba la wote, na tunapendekeza "ujima wa kompyuta" bila kusita. Idadi ya mapambano haiwekwi mapema; hesabu hutazamwa kila wakati, na jaribio husimama mara ushahidi utoshapo kukubali au kukataa, kwa njia iliyotungwa na Abraham Wald katika miaka ya 1940. Sharti hilo tumeliita "kanuni ya kusimama".

Limebaki neno moja ambalo hatujaridhika nalo. Tangu toleo la 12, la mwezi Septemba 2020, Stockfish huipima hali ya ubao kwa msaada wa kile kiitwacho "mtandao wa neva", mbinu iliyoletwa kutoka sataranji ya Kijapani, ambako Yu Nasu aliieleza mwaka 2018. Lakini "mtandao" kwa msomaji wetu ni intaneti. Akiambiwa programu "inatumia mtandao" atadhani yahitaji vocha ya simu ndipo icheze, ilhali yacheza vema hata mahali pasipo na mawimbi ya simu. "Wavu wa neva" limependekezwa katika mazungumzo yetu, na lina mvuto kwa watu wa mtoni. Hata hivyo wavu hunasa, na kitu hiki hakinasi, hupima. Mpaka lipatikane bora, tunaandika "mtandao wa neva" kwa ukamilifu kila litokeapo, na "mtandao" peke yake tunauachia intaneti.